Kuchimba Chipu kwa Mgongoni: Michirizi ya Mwanga na Kazi ya Kujua pa Kusimama

Chipu ikitoka kiwandani na kosa la muundo, wahandisi huwa na njia mbili. Ya kwanza ni kurekebisha mchoro, kutengeneza violezo vipya na kusubiri kiwanda kizalishe chipu nyingine. Kwa teknolojia za kisasa, njia hiyo hugharimu mamilioni ya dola na kusubiri kwa wiki nyingi, hata miezi. Ya pili ni kuichukua chipu ile ile yenye kosa, kukata waya mmoja hapa na kuunganisha mwingine pale, kisha kuiwasha na kupima kama tiba imefaa. Kazi hiyo ndiyo uhariri wa saketi. Ugumu wake mkubwa ni kujua, wakati uchimbaji unaendelea, silikoni iliyobaki chini ya shimo ina unene gani. Haya ni majibu ya maswali ambayo wanafunzi wa uhandisi na mafundi wa maabara huuliza kuhusu kipimo kimoja kinachotoa jibu hilo papo kwa papo: michirizi ya mwingiliano wa mwanga.

Uhariri wa saketi hufanywa kwa chombo gani?

Chombo kikuu ni mwale wa ioni, uliobanwa kwa lenzi za umeme hadi upana wake ukabaki nanomita chache. Katika mashine nyingi ioni hizo ni za galiamu, metali inayoyeyuka kwenye nyuzi 30 hivi za Selsiasi, na husukumwa kwa umeme wa volti 30,000. Ioni zikigonga chipu hung'oa atomi za mahali zilipogonga, nayo chipu huchimbika.

Ukipuliza gesi karibu na mahali hapo, matokeo hubadilika kulingana na gesi. Yenye florini au klorini huharakisha uchimbaji. Yenye tangsteni au platini huvunjwa na mwale na kuacha metali juu ya chipu, na hapo umeshatandika waya mpya. Yote haya hufanyika ndani ya ombwe.

Kwa silikoni, gesi inayotegemewa sana ni zenoni difloridi. Mwaka 1979 Harold Winters na John Coburn, watafiti wa IBM huko California, walieleza jinsi mvuke wa kemikali hii unavyokula silikoni. Hauhitaji hata mwale: ukiigusa silikoni tu, florini yake hushikana nayo, ikatokea gesi nyingine ambayo pampu huivuta na kuitoa. Shimo hubaki bila uchafu. Lakini kitu kinachokula haraka namna hiyo hakikusubiri ufanye hesabu. Ndiyo maana kipimo cha unene lazima kiwe kinasomeka wakati uchimbaji unaendelea, si baadaye.

Kwa nini mchimbe kutoka mgongoni? Saketi si iko usoni?

Iko usoni, na zamani tulipitia huko. Chipu ilikaa uso juu, ikaunganishwa na pini zake kwa nyaya nyembamba za dhahabu. Uliondoa kifuniko na waya uliokuwa ukiutafuta ukawa mbele yako. Kisha ikaenea mbinu ya kuilaza chipu kifudifudi, uso wake ukikaa juu ya matone madogo ya lehemu yanayoishikilia kwenye ubao. IBM iliianzisha mbinu hii miaka ya 1960, na miaka ya 1990 ikaenea kwenye vichakato vikubwa vya kompyuta. Kwa mpangilio huo kinachotazama juu ni mgongo, yaani silikoni tupu. Na hata kama ungeufikia uso, ungekuta tabaka nyingi za nyaya, moja juu ya nyingine, zikiifunika ile unayoitaka.

Basi njia iliyobaki ni mgongo, nayo ni safari ndefu. Kisahani cha silikoni cha kipenyo cha milimita 300 huwa na unene wa mikromita 775, ilhali transista zote zimo katika mikromita moja au mbili za mwisho. Kwanza chipu nzima husagwa na kung'arishwa hadi ibaki na makumi kadhaa ya mikromita. Halafu huchimbwa shimo pana juu ya eneo la kazi, mathalani mikromita 200 kwa 200, hadi silikoni ya chini yake ibaki mikromita chache. Mwisho, ndani ya shimo hilo, hufunguliwa dirisha dogo linaloshuka hadi jirani na transista zenyewe. Ukisimama mapema mno, waya hutaufikia kwa usahihi. Ukichelewa, umeharibu transista, na pengine chipu hiyo ni mojawapo ya chache zilizopo duniani kwa siku hiyo.

Michirizi yenyewe inatokana na nini?

Mulika mwanga kwenye sakafu ya shimo. Sehemu yake hurudi palepale inapokutana na silikoni. Sehemu nyingine hupenya, hushuka hadi kwenye mpaka wa silikoni na oksidi ambako saketi huanzia, kisha hupanda tena na kutoka. Miale hiyo miwili hukutana juu, lakini wa pili umesafiri njia ndefu zaidi. Mawimbi yao yakipanda na kushuka kwa pamoja, mwanga huongezeka. Moja likipanda wakati jingine linashuka, hufutana, na mahali hapo huwa peusi. Kwa kuwa tofauti ya njia inatokana na unene wa silikoni, kila badiliko la unene hubadilisha mwanga unaouona.

Jambo hili umeshaliona bila maabara, kwenye rangi za utando wa mafuta unaoelea juu ya dimbwi katika kituo cha petroli. Kila rangi pale ni unene wake. Robert Hooke alieleza rangi za namna hiyo kwenye vipande vyembamba vya ulanga katika kitabu chake *Micrographia* cha mwaka 1665. Newton aliyapima maduara ya rangi hizo kwa makini na kuyaandika katika *Opticks*, mwaka 1704. Mwanzoni mwa karne ya 19 Thomas Young alionyesha kwamba chanzo ni mawimbi yanayokutana.

Silikoni ina bahati yake. Kwa mwanga wa infraredi, takriban asilimia 31 hurudi kutoka uso wa juu, na kwenye mpaka wa silikoni na oksidi hurudi kama asilimia 17 ya mwanga uliofika huko. Viwango hivyo havijapishana sana, kwa hiyo mawimbi hayo mawili yana nguvu ya kufutana vizuri. Michirizi inayopatikana huwa wazi, myeusi na myeupe, na jicho la fundi hulazimika kuhangaika kidogo tu.

Mchirizi mmoja ni sawa na unene gani?

Hesabu ni fupi. Chukua urefu wa wimbi la mwanga unaotumia, ugawe kwa 2 kwa kuwa mwanga hushuka na kupanda, kisha ugawe tena kwa idadi inayoonyesha silikoni inapunguza mwendo wa mwanga mara ngapi. Kwa infraredi idadi hiyo ni karibu 3.5. Mwanga wa nanomita 1,064, basi, unatoa nanomita 150 hivi kwa kila mzunguko kamili, kutoka weupe hadi weupe unaofuata. Kutoka weupe hadi weusi ni nusu yake, nanomita 75.

Tuchukue mfano. Silikoni iliyobaki ina mikromita 5, nawe unataka isimame kwenye mikromita 1. Lazima uondoe mikromita 4, yaani nanomita 4,000. Ukitazama doa moja la sakafu kwa mwanga huo, utaliona likiwaka na kuzima takriban mara 27. Ukiwa na kamera inayorekodi na mchoro wa mwangaza dhidi ya wakati, unahesabu vilele, na umbali kati ya kilele na kilele unakuambia pia kasi ya uchimbaji. Vilele vikianza kusogeleana, gesi imezidi. Vikiachana, gesi imepungua au kitu kimeziba. Kwa hiyo mchoro mmoja unasoma mambo mawili kwa wakati mmoja: kina na mwendo.

Ninasisitiza kuhesabu vilele kwa sababu wanaoanza hupenda kusoma mwangaza. Mwangaza hubadilika kwa taa kuchoka, lenzi kuchafuka au sakafu kuwa na mikwaruzo. Idadi ya mizunguko haibadiliki kwa hayo.

Silikoni mbona huonekana kama metali ya kijivu? Mwanga unapenyaje?

Swali hili ndilo ufunguo wa kazi nzima. Silikoni humeza mwanga wenye nishati ya kutosha kurusha elektroni kuvuka pengo lake la elektronivolti 1.12. Mwanga wenye urefu wa wimbi unaozidi nanomita 1,100 hivi hauna nishati hiyo, kwa hiyo hupita. Ulio mfupi zaidi humezwa, lakini haumezwi wote kwa kiwango kimoja, na tofauti hizo ndizo zinazotusaidia.

Mwanga wa nanomita 1,000 husafiri zaidi ya mikromita 100 ndani ya silikoni kabla haujapungua hadi kama theluthi moja ya nguvu yake. Mwekundu wa nanomita 650 husafiri mikromita 3 hadi 4 tu. Kijani cha nanomita 532 husafiri kama mikromita 1, na buluu ya nanomita 450 haifiki nusu ya mikromita. Kumbuka kwamba mwanga lazima upite mara mbili, kwenda na kurudi.

Maana yake ni kwamba kila rangi ina kina chake cha kuanza kusema. Silikoni ikiwa na makumi ya mikromita, ni infraredi pekee inayorudi na habari. Ikifika mikromita 5 hadi 7, michirizi myekundu huanza kujitokeza, hafifu, kisha hukolea. Ikishuka hadi mikromita 2 au 3, kijani hujiunga. Buluu huja mwisho kabisa, silikoni ikiwa chini ya mikromita 1 au karibu na hapo. Fundi aliyezoea hujua unene wa kukadiria kwa kuona tu rangi ipi imeanza kuwa na michirizi, kabla hajahesabu chochote.

Faida ya pili ni hii: kipimo chenyewe hukazwa kadiri unavyokaribia. Tumeona mzunguko mmoja wa nanomita 1,064 ni nanomita 150. Kwa mwekundu wa 650 mzunguko ni nanomita 85 hivi, kwa sababu wimbi ni fupi na silikoni hupunguza mwendo wake zaidi. Kwa buluu ya 450 ni nanomita 48 hivi. Ukiwa mbali unatumia hatua kubwa, na pale ambapo kosa la nanomita 100 linaweza kuua chipu, unapata hatua ndogo mara tatu. Anayechimba kwa rangi moja tangu mwanzo hadi mwisho anaacha msaada huo bila kuutumia.

Kuhesabu kunaonyesha kiasi kilichoondolewa. Mnajuaje mlichobakiza?

Umegusa udhaifu mkuu wa michirizi. Mzunguko wa kumi unafanana na wa kumi na moja, na anayeingia katikati ya hesabu hana njia ya kuitofautisha. Lazima kwanza upate unene wa kuanzia kwa njia nyingine.

Njia ya haraka ni ya fokasi. Weka darubini ya infraredi ione sakafu ya shimo vizuri, kisha ishushe hadi saketi ionekane vizuri. Zidisha umbali ulioshuka kwa 3.5, kwa kuwa silikoni hufanya vitu vilivyo ndani yake vionekane karibu kuliko vilivyo. Jibu hili lina kosa la mikromita kadhaa, lakini linakuweka katika eneo sahihi.

Njia ya uhakika zaidi ni kumulika rangi nyingi na kuona zipi zinarudi kwa nguvu. Ukipata vilele viwili vinavyofuatana, unene ni zao la mawimbi hayo mawili, likigawanywa kwa tofauti yao, kisha kwa 2, kisha kwa 3.5 au zaidi kidogo. Tuseme vilele viko kwenye nanomita 1,000 na 1,050. Hesabu inatoa karibu mikromita 3, na ukizingatia kwamba rangi hazitembei kwa mwendo mmoja ndani ya silikoni, jibu hushuka kidogo chini ya hapo. Vilele vikikaribiana, silikoni ni nene. Vikiachana, ni nyembamba. Njia hii haihitaji kujua ulianzia wapi, kwa hiyo ni vyema kuirudia katikati ya kazi ili kuthibitisha hesabu ya mizunguko.

Umbo la michirizi linasema nini?

Linasema mengi, na kwangu mimi hapa ndipo mbinu hii inapoonyesha thamani yake. Kila mchirizi huunganisha sehemu zote zenye unene sawa. Sakafu ikiwa sambamba na saketi, hakuna michirizi kabisa: eneo lote huwaka na kuzima kwa pamoja, na hilo ndilo lengo. Ukiona mistari iliyonyooka, sakafu imeinama. Ukiona maduara, kuna kilima au bakuli.

Mistari ikihesabiwa inatoa kiwango cha mwinamo. Kwenye shimo la upana wa mikromita 100, ukikuta mistari 6 kwa mwanga wa nanomita 1,064, upande mmoja ni mnene kuliko mwingine kwa nanomita 900. Ni mwinamo wa nusu nyuzi tu, na jicho la kawaida lingeuona kama tambarare safi. Lakini ukiendelea kuchimba hivyo hivyo, upande mmoja utafika kwenye transista huku mwingine ukiwa na karibu mikromita nzima juu yake. Tatizo hili ni la kawaida, kwa kuwa chipu iliyosagwa ikawa nyembamba hujikunja kidogo, na ubao ulio chini yake hutanuka kwa joto kwa kiwango tofauti na silikoni.

Sasa, upande mnene ni upi? Picha iliyosimama haisemi. Itazame ikiwa inasogea. Mchirizi hukaa mahali penye unene fulani. Ukipunguza silikoni kila mahali, unene ule sasa unapatikana sehemu ambayo awali ilikuwa nene zaidi. Kwa hiyo michirizi husogea kuelekea upande mnene. Kwa maduara kanuni ni hiyo hiyo: yakitanuka kutoka katikati, katikati ni bakuli, yakisinyaa na kumezwa katikati, pale pana kilima. Kanuni hii moja, ukiishika, inakuwezesha kuielewa sakafu ndani ya sekunde chache.

Baada ya kusoma, rekebisha. Unaweza kuinamisha meza ya chipu, au kuuagiza mwale ukae muda mrefu zaidi upande mnene. Michirizi itapungua idadi na kupanuka. Ukibaki na mchirizi mmoja uliotawanyika eneo zima, sakafu imekaa sawa kwa tofauti ya chini ya nanomita 150. Nimeona mafundi wakiharakisha hatua hii kwa sababu shimo "linaonekana sawa." Dakika unazotumia kusawazisha hapa hulipwa mara nyingi baadaye, maana dirisha la mwisho hurithi kila kosa la sakafu iliyolibeba.

Kuna nyakati michirizi haionekani kabisa. Sababu ni nini?

Kagua mambo manne kwa mpangilio.

La kwanza ni upana wa rangi ya taa. Mwanga mweupe una rangi nyingi, kila moja na michirizi yake, na silikoni ikiwa nene michirizi hiyo huchanganyika ikafutana. Kichujio hutatua hili. Kwenye nanomita 1,000, kichujio kinachoruhusu upana wa nanomita 10 hukuwezesha kuona michirizi hadi silikoni ya mikromita 14 hivi. Kikiruhusu upana wa 50, utaishia kama mikromita 3. Kabla ya kulaumu chipu, kagua kichujio.

La pili ni ukwaru wa sakafu. Zenoni difloridi ikiachiwa kiholela hula silikoni bila usawa na kuacha vinundu. Mwanga hutawanyika badala ya kurudi. Dawa ni kupunguza gesi na kuupitisha mwale juu ya eneo lote kwa usawa hadi sakafu irudi kuwa laini.

La tatu ni ioni zenyewe. Galiamu yenye nguvu ya volti 30,000 huvuruga mpangilio wa atomi hadi kina cha nanomita 30 hivi, na tabaka hilo lililovurugika humeza mwanga zaidi. Ukimaliza kwa mguso mwepesi wa gesi, sehemu kubwa ya tabaka hilo huondoka.

La nne liko ndani ya silikoni. Chipu nyingine hujengwa juu ya silikoni iliyotiwa vichafuzi vingi kwa makusudi ili ipitishe umeme vizuri, nayo humeza infraredi. Hapa hakuna la kufanya ila kuipunguza zaidi kwa kusaga kabla ya kutegemea mwanga.

Je, michirizi inatosha hadi mwisho wa kazi?

Hapana, na anayeitegemea peke yake atapata hasara. Michirizi inafaa zaidi kuanzia makumi ya mikromita hadi kama mikromita moja. Chini ya hapo, kile kinachorudisha mwanga si mpaka mmoja laini tena. Kuna oksidi inayotenganisha transista, kuna geti, kuna metali, na kila kimoja hurudisha mwanga kwa namna yake. Weusi wa sehemu moja na weupe wa jirani yake vinaweza kuwa na unene uleule. Hapo usilinganishe sehemu mbili. Fuatilia sehemu ile ile dhidi ya ilivyokuwa sekunde chache zilizopita.

Kisha pokea ishara nyingine. Transista za aina moja hujengwa ndani ya maeneo ya silikoni yaliyotiwa kichafuzi cha aina ya N. Mwale wa ioni ukikaribia maeneo hayo, picha yake huanza kuonyesha tofauti ya mwangaza kati ya ndani na nje ya mipaka yake, kwa sababu chaji za umeme hukaa tofauti. Alama hiyo hukuambia umekaribia mno. Ishara ya mwisho ni oksidi yenyewe inayotenganisha transista, ambayo mara nyingi huwa na kina cha nanomita 200 hadi 400. Ikijitokeza sakafuni, umefika kwenye ngazi ya transista.

Fundi mzuri huwa na ishara hizi zote mezani. Michirizi humleta hadi mlangoni akiwa na sakafu iliyonyooka na mwendo anaoujua. Picha ya ioni humwambia mlango umefunguka.

Vifaa vya kuona michirizi ni ghali?

Mashine zilizo bora kwa kazi hii zimejengwa ili ioni na mwanga vishuke kwa mhimili mmoja, kama zile za aina ya OptiFIB. Unachimba na kutazama mahali pamoja, kwa wakati mmoja. Mashine ambazo darubini yake iko kando hukulazimu kusimamisha kazi, kuihamisha chipu na kuirudisha, na hesabu ya mizunguko hukatika kila mara. Kwa mashine hizo tumia njia ya vilele viwili vya rangi, isiyotegemea historia.

Kamera nayo ina siri yake. Kamera ya kawaida imetengenezwa kwa silikoni, kwa hiyo upofu wake huanzia palepale silikoni ya chipu inapokuwa angavu, karibu na nanomita 1,100. Kati ya nanomita 900 na 1,050 zinaelewana vya kutosha kwa silikoni iliyopunguzwa. Ukitaka kuona kupitia silikoni nene zaidi, unahitaji kamera ya indiamu, galiamu na aseniki, inayoona hadi nanomita 1,700 hivi, nayo bei yake ni kubwa. Anayeanza na bajeti ndogo atafika mbali kwa kamera ya silikoni, vichujio vichache vyembamba na taa thabiti.

Vipi kuhusu usalama?

Zenoni difloridi ikikutana na unyevu wa hewa hutoa asidi ya haidrofloriki, inayopenya ngozi na kudhuru hadi mfupa. Usifungue mtungi wake nje ya mfumo uliokusudiwa, hakikisha mkondo wa hewa chafu unafanya kazi, na jeli ya kalisiamu glukoneti iwe karibu kila siku, hata siku ambazo huamini utaihitaji.

Mbinu hii ina maisha marefu mbele yake?

Imeanza kukabiliwa na mabadiliko makubwa. Teknolojia mpya zinahamishia nyaya za umeme mgongoni mwa chipu. Intel imeuweka mpangilio huo katika kizazi chake cha 18A, kwa jina la PowerVia. Katika chipu za namna hiyo silikoni hupunguzwa kiwandani hadi kubaki utando, kisha juu yake hutandikwa metali. Mwanga haupiti metali, na mgongo tuliouzoea haupo tena.

Lakini kanuni haijafa. Tabaka za oksidi kati ya nyaya ni angavu, na michirizi hutokea ndani yake pia. Tofauti ni kwamba oksidi hupunguza mwendo wa mwanga kwa mara 1.46 tu, kwa hiyo mzunguko mmoja wa kijani cha nanomita 550 ni karibu nanomita 190. Hatua ni kubwa, na tabaka ni nyembamba. Hapo tutahitaji kusoma sehemu ndogo za mzunguko, na kuoanisha kipimo na mchoro wa chipu kwa usaidizi wa kompyuta. Na chipu zenye silikoni mgongoni bado ni nyingi mno, kwenye magari, simu na mitambo, na zitaendelea kutengenezwa kwa miaka mingi.

Ushauri kwa anayetaka kujifunza?

Anza na chipu mbovu ambayo hakuna anayeihitaji. Isage, fungua shimo, na uichimbe hadi uiharibu kwa makusudi, huku ukirekodi video yote. Rudi uhesabu mizunguko kutoka mwisho, mahali unapojua kwamba unene ulikuwa sifuri, ukirudi nyuma hadi mwanzo. Zoezi hilo hukupa kila rangi na unene wake kwa kamera yako na taa yako, na hakuna kitabu kitakachokupa jedwali hilo.

Halafu jizoeze kuandika makadirio ya unene uliobaki kabla ya kila hatua, na kuyalinganisha na kipimo baada yake. Tofauti kati ya namba hizo mbili ndiyo inayokuonyesha kama umeielewa sakafu au unabahatisha. Na wakati wa kazi halisi, sheria iwe moja: wakati wowote ambapo huwezi kutamka unene uliobaki kwa namba, funga gesi na uzime mwale kwanza, kisha pima upya.